Kuongoza wanafunzi wenzio: tulivyoifanya kazi ya mwani Jambiani

Mwalimu akikuteua kuwa mkuu wa kikundi cha mradi, kwa kweli amekupa jina tu. Huwezi kumkata mtu mshahara, huwezi kumfukuza, na unaowaongoza ni watu mnaokaa dawati moja na kukopeshana vocha, pengine mmoja wao mmekua naye mtaa mmoja. Ukiamrisha, watakusikiliza mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili watakusoma kwenye WhatsApp na kunyamaza. Ushauri wangu kwa anayeongoza kwa mara ya kwanza ni huu: tafuta kitu ambacho nyote mnakiheshimu, kilicho nje yako, kisha ipange kazi kwa kukifuata hicho.

Sisi tulikuwa watu saba, mwaka wa mwisho wa chuo. Mradi wetu ulikuwa kulinganisha mwani unaoanikwa chini na ule unaoanikwa juu ya chanja, yaani kitanda cha mbao kilichoinuliwa, kwa wakulima wa Jambiani. Pwani hiyo ya Paje na Jambiani ndiko kilimo cha mwani wa biashara kilikoanzia hapa Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaolima ni wanawake. Mwani mkavu ukiwa na mchanga bei yake inashuka, kwa hiyo suala la chanja lilikuwa lao kabla halijawa letu. Hili nalitaja mapema kwa sababu lilitusaidia: mradi unaomgusa mtu unayemwona kwa macho ni mwepesi kuufanyia bidii kuliko ule wa kupata alama tu.

Kilichotupangia ratiba ni bahari. Mkulima wa mwani hufanya kazi zake nyingi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapotoka mbali na mashamba kubaki wazi. Kwetu maji ya bamvua hukauka kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Ukija wakati wa maji mafu, bahari isipotoka mbali, utawakuta wenyewe wako nyumbani na shughuli nyengine, na vigingi vinavyofungiwa kamba za mwani vimefunikwa na maji. Basi hata kabla hatujakaa kikao cha kwanza, siku za kwenda Jambiani zilikuwa zimeshapangwa. Nilichukua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, nikatia alama bamvua zote za muhula, halafu tukahesabu kwa kurudi nyuma. Bamvua hii wanavuna na kuanika. Basi kabla yake mizani iwe imepatikana, fomu ziwe zimeshachapwa, na barua ya utambulisho iwe mkononi mwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani. Mwani hukaa baharini wiki sita hivi mpaka kuvunwa, na ukishakomaa hauachwi ukae tu, maana mawimbi yanaukata. Mkulima hawezi kuahirisha mavuno kwa sababu mwanafunzi hajamaliza fomu.

Jambo hili lilibadilisha kabisa mazungumzo ndani ya kikundi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini iwe Jumanne isiwe Alhamisi, wala hakuna aliyeona namwonea. Kama mradi wenu hauhusiani na bahari, bado zipo tarehe za namna hii: siku ya kutoka kibali, zamu ya maabara, likizo ya skuli mnayoifanyia utafiti, wiki ya mitihani. Zitafuteni hizo kwanza. Tarehe ya kubuni, aliyoiweka kiongozi ili "watu wachangamke", hujulikana mara moja kuwa ni ya kubuni.

Na Ramadhani iandikeni kwenye kalenda tangu siku ya kwanza. Kumsimamisha mtu aliyefunga ndani ya maji ya chumvi juani, kwa saa nzima, akimsubiri mkulima amalize kufungua taitai za kamba yake, vile vikamba vidogo vinavyoshika mwani, si sawa, na mkulima mwenyewe naye amefunga. Mwezi ule sisi tuliuwekea kazi za mezani: kusoma, kuingiza takwimu na kuandika sura ya utangulizi.

Kuhusu kugawana kazi, kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Wawili wakisaidiana ni vizuri, lakini jina ni la mmoja, yule atakayeulizwa. Maneno kama "tutaandaa dodoso" hayana mwenyewe. Kabla ya kugawa nilimuuliza kila mtu mambo mawili: nini anakiweza vizuri, na lini hapatikani. La pili ndilo lenye faida zaidi, na watu hulisahau. Mmoja wetu jioni alikuwa akisimama dukani kwa mama yake. Mwengine ni wa Pemba, na akienda kwao boti ndiyo inayompangia siku ya kurudi. Ukiyajua haya mapema unapanga bila ya kugombana na mtu. Ukiyajua siku ya kazi yanageuka kuwa visingizio, ingawa ni mambo ya kweli kabisa.

Swali la kwanza nalo lilitupa kitu nisichokitarajia. Dada mmoja kwenye kikundi, mkimya sana darasani, mama yake mdogo ni mkulima wa mwani pale pale Jambiani. Tukakubaliana kwamba tukishateremka kwenye daladala, yeye ndiye mkubwa wetu mpaka tunaporudi. Alijua nani wa kuamkiwa kwanza. Alijua kwamba tukitoka kwa sheha tupite kwa bibi anayekiongoza kikundi cha akina mama, hata kama barua haimtaji, na kwamba humpigi picha mwanamke aliyerowa nguo kwa maji ya bahari, ukatoa simu tu na kuelekeza. Alituonyesha pia kwamba maswali yaulizwe wakati wa kuanika, mikono ikiwa kazini, si wakati wa kukimbilia maji. Kijana mwenye sauti nene asingefika alikotufikisha yeye. Kiongozi anayetaka awe mbele kila mahali anaipunguzia kazi yake ubora, na hili ninaliamini sana.

Fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliifuata methali hiyo kama sheria. Mtunza fedha asiwe kiongozi. Nauli, chapa, kamba, mbao za chanja, maji ya kunywa, vyote viliandikwa siku hiyo hiyo, na ukurasa wa daftari ukapigwa picha na kutumwa kwenye kikundi. Sehemu ngumu ya fedha ni yule asiyekuwa nayo. Kuna wanaopata bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kwa wakati, kuna linalowachelewa, na kuna wasiopata mkopo kabisa. Asitajwe mbele ya watu. Tuliweka utaratibu kwamba mwenye shida amwambie mtunza fedha peke yake, kisha atoe mchango wake kwa njia nyengine, kama kuchapa ripoti kwa kompyuta yake mwenyewe. Mimi sikuwahi kuambiwa ni nani, na sikuuliza.

Sasa la mtu anayenyamaza, kwani kila kikundi kina mmoja. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna, kazi haijaja. Wengine wataanza kusema ni mvivu, na neno hilo likishasemwa kwenye kikundi halifutiki. Mwenzetu aliponyamaza, nilikwenda kwao baada ya Magharibi, tukakaa barazani. Sikuanza na mradi. Nilimuuliza hali ya nyumbani, nikajua kwamba baba yake yuko hospitali na yeye ndiye anayelala huko usiku. Kazi yake ya kuingiza takwimu ikahamia kwa mwengine, naye akachukua kazi ndogo ya kuhakiki majedwali, ambayo aliweza kuifanya kwa simu akiwa wodini. Aliifanya vizuri mno: aliona mahali uzito mbichi na uzito mkavu ulipokuwa umeandikwa kwa kubadilishana.

Si kila aliyenyamaza ana udhuru, hilo nalikubali. Lakini nenda ukamwone kabla ya kuamua. Kama hakuna udhuru, mwambie waziwazi akiwa peke yake kwamba kwenye ripoti patakuwa na ukurasa unaoonyesha nani amefanya nini, na kwamba ukurasa huo mtausaini nyote. Ukurasa huo muuamue siku ya kwanza, kabla hapajakuwa na mkosa, ili usionekane umetengenezwa kwa ajili ya mtu fulani.

Kwenye uandishi sina mengi. Fomu zipigwe picha siku ile ile, kabla ya kupanda daladala, kwa sababu karatasi iliyorowa maji ya chumvi haisomeki kesho yake. Na mtu mmoja apewe haki ya mwisho juu ya lugha ya ripoti nzima, hata kama sura zimeandikwa na watu saba, ili isomeke kwa sauti moja. Mwalimu hutambua mara moja sura zilizobandikwa tu.

Lililobaki ndilo linalosahauliwa na wanafunzi wengi, nami nalisema kwa uchungu. Wale akina mama walitupa muda wao, walituachia mwani wao tukaupima asubuhi na jioni, na baadhi yao wamekwisha kuhojiwa na watu wengi wasiowaona tena. Wanastahiki kuambiwa kilichopatikana, kwa Kiswahili, kwa mdomo, na karatasi moja waachiwe. Kwa hiyo siku ya kurudisha matokeo iwekeni kwenye kalenda pamoja na siku nyengine zote, na nauli yake itengwe mwanzo, kabla fedha hazijaishia kwenye kujalidi ripoti. Chagueni siku za maji mafu, ambapo wapo nyumbani. Pelekeni na mwani uliokauka kwa njia zote mbili, waushike wenyewe, na yule dada ndiye azungumze.