Maswali na Majibu ya Kompyuta: Gemu Inagoma Kufunguka

Barua nyingi tunazopokea kuhusu gemu humalizikia na swali moja: "Je, nipige Windows upya?" Kwa gemu isiyofunguka, jibu letu karibu kila mara ni hapana. Kupiga Windows upya kunakula siku nzima na kunaondoa draiva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) zilizokuwa sawa, halafu mara nyingi gemu inagoma palepale kwa sababu ileile. Windows huwa imekwisha kuandika kilichotokea. Kazi ni kujua pa kusoma.

Nabofya gemu mara mbili, kialama cha mausi kinazunguka sekunde chache, kisha kimya. Hakuna ujumbe wowote. Nimeifuta na kuisakinisha upya, hali ni ileile. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Hakikisha kwanza kama kweli imezimika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda "Details", utafute jina la faili la gemu linaloishia na .exe. Likiwepo, gemu ingali hai ila imekwama nyuma. Lichague, bofya "End task", ndipo ujaribu tena, maana gemu nyingi hukataa kufunguka ikiwa nakala ya kwanza bado inaendelea.

Kama halipo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha Enter. Upande wa kushoto fungua "Windows Logs", halafu "Application". Katika orodha ya katikati tafuta mstari wenye alama nyekundu, chanzo chake "Application Error" na namba 1000, ambao saa yake inalingana na dakika uliyobofya gemu. Ukiufungua utaona maneno mengi, lakini yanayokuhusu ni matatu: "Faulting application name", ambalo lazima liwe jina la gemu yako, "Faulting module name", yaani sehemu ilipoangukia, na "Exception code", namba ya kosa.

Faili inayoishia na .dll, au DLL, ni hazina ya amri ambazo programu huziazima. Moduli ikiwa nvwgf2umx.dll, hiyo ni draiva ya NVIDIA. Ikiwa igd10iumd64.dll, ni ya Intel. Atidxx64.dll ni ya AMD. Katika hali zote tatu shughulikia draiva ya grafiki kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa ni ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usikimbilie kulaumu Windows. Faili hizo ndizo programu nyingi huangukia hata kama kosa lilianza kwingine, kwa hiyo ziangalie pamoja na namba ya kosa.

Namba 0xc000001d maana yake gemu imetoa amri ambayo prosesa haiijui. Mara nyingi ni amri za AVX (za kufanya hesabu nyingi kwa mkupuo), ambazo Intel ilianza kuziweka kwenye Core za kizazi cha pili mwaka 2011. Core 2 Duo na Core i5 za kizazi cha kwanza hazina, na Pentium na Celeron nyingi zilizofuata pia hazikupewa. Hapo hakuna draiva wala programu itakayosaidia, labda mtengenezaji wa gemu atoe toleo lisilohitaji AVX. Ni afadhali kulijua hilo mapema kabla hujamaliza bando.

Gemu ilisema VCRUNTIME140_1.dll haipo. Nikaipakua faili hiyo kwenye tovuti inayogawa DLL, nikaibandika ndani ya System32. Sasa ujumbe umebadilika: "The application was unable to start correctly (0xc000007b)". Nimeharibu nini? (Msomaji, Nairobi)

Hujaharibu kitu kisichorekebishika. Namba 0xc000007b inasema kwamba gemu imekuta faili ya DLL yenye umbo isilolitarajia. Kwa kawaida gemu ni ya biti 64 na DLL iliyoipata ni ya biti 32, au kinyume chake. Faili pia inaweza kuwa imekatika wakati wa kupakua.

Kinachowachanganya wengi ni majina ya folda. Kwenye Windows ya biti 64, DLL za biti 64 zinakaa System32, na za biti 32 zinakaa SysWOW64. Ndiyo, ni kinyume na majina yanavyodokeza. Mtu anaona "32", anabandika humo faili ya biti 32, na kosa jipya linazaliwa. Zaidi ya hapo, gemu ikitafuta DLL kama hizi huanza na folda yake yenyewe kabla ya kwenda System32. Kwa hiyo DLL mbovu uliyoibandika kando ya faili la .exe itaendelea kuleta matata hata baada ya kurekebisha Windows nzima.

VCRUNTIME140_1.dll yenyewe ina habari ya ziada. Ilikuja na Visual C++ ya 2019 (zana ya Microsoft ya kutengenezea programu), na ipo kwa biti 64 tu. Kompyuta inayoikosa mara nyingi ina kifurushi cha 2015 au 2017 ambacho hakijawahi kusasishwa. Dawa si faili moja, ni kifurushi kizima kutoka Microsoft.

Fanya hivi. Futa DLL ulizobandika mwenyewe, hizo tu, kwenye folda ya gemu na ndani ya System32 au SysWOW64. Washa kompyuta upya. Kisha sakinisha kifurushi hicho cha Microsoft, yaani vc_redist.x64.exe na vc_redist.x86.exe, zote mbili, hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu gemu za biti 32 na vizinduzi vingi (programu za kufungulia gemu) bado vinategemea ya x86, yaani ya biti 32. Kwa pamoja hazifiki MB 50. Ukikuta zimeshaorodheshwa kwenye Settings, sehemu ya "Apps", chagua "Modify" halafu "Repair".

Kabla hujapakua chochote, chungulia folda ya gemu. Gemu nyingi za Steam (duka la gemu mtandaoni) huja na folda iitwayo _CommonRedist, na ndani yake kuna vcredist na DirectX (sehemu ambayo gemu hutumia kuchora picha na kutoa sauti) tayari, zimekaa kwenye diski yako bila kukugharimu hata MB moja. Zitumie. Ila kifurushi kilichomo kikiwa cha zamani kuliko kinachohitajika, chukua kipya cha Microsoft.

Upya wake una maana. Programu zilizotengenezwa kwa Visual Studio 2022 toleo la 17.10, lililotoka 2024, na zile za baadaye zinaweza kuanguka zikikutana na MSVCP140.dll ya zamani. Kwenye Event Viewer utaona moduli MSVCP140.dll na namba 0xc0000005. Kusakinisha kifurushi kipya kunatosha, lakini angalia pia kama ipo MSVCP140.dll nyingine ya zamani ndani ya folda ya gemu, maana hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza.

DLL zenye namba nyingine zinadai vifurushi vingine, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine: MSVCR100 ni ya Visual C++ 2010, MSVCP110 ni ya 2012, MSVCP120 ni ya 2013. Ukiambiwa d3dx9_43.dll au XINPUT1_3.dll haipo, hiyo ni DirectX ya Juni 2010, ambayo Windows 10 na 11 haziji nayo hata kama zina DirectX 12. Kifurushi chake kamili kina karibu MB 96. Tahadhari: ukikifungua hakisakinishi kitu, kinakuuliza tu folda ya kumwagia faili zake. Kipe folda tupu, kisha ingia humo uendeshe DXSETUP.exe. Wengi huishia kwenye hatua ya kwanza wakidhani wamemaliza.

Nina HP EliteBook 8470p, Core i5-3320M, RAM GB 8. Fundi aliipiga Windows 10 wiki iliyopita. Gemu inaandika "DX11 feature level 10.0 is required to run the engine". Lakini dxdiag inasema nina DirectX 12! (Msomaji, Mwanza)

Mstari wa "DirectX Version" kwenye dxdiag (chombo cha Windows cha kukagua DirectX) unataja toleo lililokuja na Windows. Hausemi chipu yako ya grafiki inaweza nini. Fungua kichupo cha "Display" uangalie mambo mawili: "Name", yaani jina la grafiki, na "Feature Levels", yaani viwango vya DirectX ambavyo chipu inaviweza.

Prosesa yako ni ya kizazi cha tatu (kwa Core za kizazi cha pili hadi cha tisa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi) na grafiki yake ni Intel HD Graphics 4000, inayofika 11_0. Inatosha kwa kile gemu inachodai. Kwa hiyo tunashuku kwamba kwenye "Name" utakuta "Microsoft Basic Display Adapter". Maana yake Windows ilisakinishwa lakini draiva ya grafiki haikuwekwa, na kompyuta inachora skrini kwa njia ya dharura tu. Dalili nyingine ni kwamba mwanga wa skrini haupandi wala haushuki, na video zinakwamakwama.

Unganisha intaneti, nenda Settings, "Windows Update", utafute masasisho ya hiari yenye draiva. Ikishindikana, pakua draiva kutoka tovuti ya HP kwa kuandika jina kamili la modeli. Ya Intel moja kwa moja wakati mwingine hukataa kusakinika na kusema haijathibitishwa kwa kompyuta hiyo, ndiyo maana tunapendekeza uanze na mtengenezaji wa laptopu. Ukimaliza, "Name" isome Intel HD Graphics 4000. Kama bado, usifungue gemu kwanza, rudia draiva.

Kwa wanaotaka kununua laptopu iliyotumika ili wacheze gemu: kizazi cha pili, chenye HD 3000, kinaishia 10_1, na gemu zinazotaka 11_0 hazitafunguka kamwe. Kizazi cha nne, kama EliteBook 840 G1, kina mtego wake. Intel iliondoa uwezo wa DirectX 12 kwenye draiva za baadaye za kizazi hicho kwa sababu za usalama, kwa hiyo gemu inayotaka DirectX 12 pekee haitafunguka ukisasisha draiva. Gemu ikiwa na njia zote mbili, kwenye Steam bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, "Properties", "General", na kwenye "Launch Options" andika -dx11. Gemu nyingi zilizojengwa kwa Unreal Engine huielewa amri hiyo.

Kaka yangu aliniletea laptopu kutoka Ujerumani. Gemu mbili tofauti zinadai mfplat.dll haipo. Nimeweka Visual C++ zote bila mafanikio. (Msomaji, Zanzibar)

Nenda Settings, "System", "About", usome jina la Windows hadi mwisho. Likiishia na herufi N, kwa mfano Windows 10 Pro N, umepata chanzo. Matoleo ya N yanauzwa Ulaya yakiwa yamevuliwa vifaa vya sauti na video, kutokana na uamuzi wa Kamisheni ya Ulaya wa 2004 dhidi ya Microsoft. Gemu zinazofungua kwa video ya utangulizi hutegemea mfplat.dll, na haimo.

Nenda kwenye "Optional features" ndani ya Settings, bofya kuongeza, utafute Media Feature Pack, usakinishe. Washa kompyuta upya. Bila kuiwasha upya hutaona tofauti.

GTA San Andreas ya zamani ilikuwa inacheza vizuri. Sasa inaonyesha skrini nyeusi na kujifunga. (Msomaji, Mombasa)

Ingia Documents, folda ya "GTA San Andreas User Files", ufute gta_sa.set. Faili hiyo hubeba mipangilio, na ikiharibika gemu hushindwa kuanza. Itajitengeneza upya. Usiguse zile zinazoanza na GTASAsf, humo ndimo ulimohifadhi hatua ulizofikia.

Nimenakili gemu ya mpira kutoka flashi ya rafiki. Inadai rld.dll haipo. Naipata wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Usiitafute. Hiyo si faili ya Windows wala ya mtengenezaji wa gemu. Iliwekwa na waliovunja ulinzi wa gemu, na antivairasi huiondoa mara inapoiona. Tovuti zinazojitolea kukupa faili hiyo ndizo zinazosambaza programu za kuiba nywila, na kompyuta ambayo unaitumia pia kwa benki au barua pepe haistahili hatari hiyo. Gemu kama hiyo hatutakusaidia kuifungua. Kuna gemu nyingi za mpira zinazotolewa bure kihalali.

Hali ni tofauti kama gemu ni halali na faili lake limetoweka. Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", kisha "Protection history", uone kama liliwekwa karantini. Soma jina la faili na folda lilikotoka kabla ya kulirejesha. Baadaye, kwenye Steam, "Properties", "Installed Files", chagua "Verify integrity of game files". Itapakua vipande vilivyokosekana tu. Na kama gemu inafunguka kisha inajifunga ikilalamika kwamba haiwezi kuandika ndani ya Documents, angalia "Ransomware protection" hapohapo kwenye Windows Security. "Controlled folder access" ikiwa imewashwa, bofya "Allow an app through Controlled folder access" uongeze .exe ya gemu. Usiuzime ulinzi wote kwa ajili ya gemu moja.