Jibu: Kupima umaskini na tofauti za kipato ndani ya kata

Ndugu, nimekuelewa: unataka kuionyesha kamati ya maendeleo ya kata huko Lindi kwamba baadhi ya vitongoji vimeachwa nyuma, na ulichonacho ni wastani wa kipato tu. Wastani hautakusaidia; wakulima wachache wenye mikorosho mingi wanaupandisha.

Usiulize kipato. Ukiuliza Novemba, watu wana fedha za korosho. Ukiuliza Machi, kaya hizohizo zinakopa unga. Uliza vitu vinavyoonekana au kukumbukwa: paa ni la makuti au bati, choo cha aina gani, maji ni dakika ngapi kwenda na kurudi, milo ya jana, mtoto wa umri wa shule asiyesoma. Kaya iliyo na hali duni katika theluthi moja au zaidi ya viashiria vyako, yaani mambo hayo unayouliza, ihesabu kuwa na uhitaji.

Chukua daftari la kaya kwa mtendaji wa kijiji, ila lihakiki kwanza na wenyeviti wa vitongoji, maana waliohamia karibuni na wajane wanaoishi kwa ndugu huwa hawamo. Kijiji cha kaya 300, chagua 60: bahatisha namba kati ya 1 na 5, kisha ongeza tano tano kwenye daftari. Hapo kosa la makadirio ni kama asilimia 11 juu au chini, kwa hiyo vijiji vinavyopishana kwa asilimia 5 usivipange kipi ni maskini zaidi. Kwa vitongoji, hesabu kaya zote.

Wengi watadhani ni uandikishaji wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na wataficha mali; waeleze mapema kwamba sivyo. Majina yasitoke kwenye ripoti. Kabla ya kuanza, pata kibali cha halmashauri na umwonyeshe mtakwimu wake dodoso.