Vijana 21 wametuacha ndani ya miezi minne: tuwafunge kwa mkataba?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mratibu wa asasi ndogo hapa Manispaa ya Morogoro. Tunawasaidia wanafunzi wa darasa la tatu na la nne ambao bado hawajui kusoma, kwenye shule tano za msingi, baada ya vipindi vya kawaida. Februari tulianza na vijana 30 wa kujitolea, wengi wamemaliza chuo na hawajapata ajira. Sasa ni Juni na wamebaki tisa. Wanakuja siku nne kwa wiki, saa mbili kila siku, wanatumia nusu saa nyingine kuandaa kadi za herufi, na Jumamosi tuna kikao cha saa mbili. Nakuambatanishia ratiba, mahali wanapoishi na nauli zao. Mtaalamu mmoja wa semina za hamasa ametushauri mambo matatu: semina ya siku mbili ya kuwajengea moyo wa kujitolea, fulana na vyeti, na mkataba wa mwaka mmoja ambao atakayeukatisha anarudisha gharama za mafunzo, shilingi 150,000. Posho hatuna, haikuwekwa kwenye bajeti. Je, mkataba huo utafaa? Na kwa nini vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea kama wazee wetu?

JIBU: Dada mratibu, mkataba huo usimsainishe mtu yeyote. Sababu zake za kisheria nitazieleza mbele kidogo. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo ninaloletewa kila mara na asasi kubwa na ndogo, na ndilo linalowapotosha watu wenye nia njema kabisa.

Nimeipitia ratiba uliyotuma. Kuna kijana anayeishi Kihonda, mmempangia shule iliyoko Bigwa. Anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kwa nauli ulizoandika mwenyewe ni shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 16 za mwezi hiyo ni 38,400. Ongeza Jumamosi nne za kikao cha mjini kwa 1,200 kila moja, jumla inafika 43,200. Bando la kutuma picha na taarifa kwenye kundi la WhatsApp sijalihesabu, wala chakula cha mchana ambacho hakipati kwa sababu saa nane anatakiwa awe darasani. Kwa miezi minne, kijana asiye na kipato ameichangia asasi yako shilingi 172,800 taslimu, mbali na jasho lake. Halafu anaandaliwa karatasi ya kumdai 150,000 akiondoka.

Moyo alikuwa nao. Kilichomwishia ni pesa ya nauli, na huenda aliona aibu kukuambia, ndiyo maana alianza kwa kusema anaumwa, kisha akatoka kwenye kundi kimyakimya. Ukiwapigia simu wale 21 utasikia hadithi za aina hii, na nakuomba uwapigie. Simu ipigwe na mtu ambaye hakuwa msimamizi wao, asiwaulize kwa nini waliondoka, maana watajibu kwa adabu tu. Awaulize siku yao ya mwisho shuleni ilikuwaje: nani aliwapokea, walikaa chumba gani, walirudije nyumbani. Humo ndimo majibu yalimo.

Sasa hao wazee tunaowasifu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka watoto wote wa Tanzania waingie shule ya msingi ifikapo 1977, wanavijiji walifyatua matofali na kujenga madarasa kwa mikono yao, na tunawatolea mfano mpaka leo. Tuangalie walifanya kazi katika hali gani. Walifanya kazi kijijini kwao, kwa miguu yao, kwa siku zilizopangwa na kijiji, wakiwa pamoja na majirani, na darasa likikamilika aliyekaa ndani yake ni mtoto wao. Ni hivyo hivyo kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji: kazi ina mwanzo na mwisho, na matunda yake kila mtu anayaona. Kijana wako anavuka mji mzima peke yake, kwa kazi isiyo na tarehe ya kuisha, kwa watoto asiowajua wazazi wao, na hakuna anayemwambia kama amefanya vizuri au vibaya. Kumpima kwa kipimo cha wazee wale ni kumwonea.

Kazi ya kujitolea ina gharama zake siku zote, na zisipokuwa kwenye bajeti ya asasi zimo mfukoni mwa anayejitolea. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwandishi wa maandiko ya miradi alielewe. Mtu anaandika "vijana 30 wa kujitolea" kwenye andiko, kwenye safu ya gharama anaweka sifuri, mfadhili anafurahi kwamba mradi ni wa bei nafuu, kisha mratibu anaachwa alaumu vijana. Andiko lijalo weka mstari unaojitegemea: nauli halisi, mawasiliano, vifaa, na sehemu ya mshahara wa mtu mwenye kazi ya kuwasimamia. Baadhi ya wafadhili hukubali hata saa za wanaojitolea zihesabiwe kama mchango wa asasi, ilimradi ziwe zimeandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Kwa mradi wa sasa mwandikie mfadhili, mpe hesabu ile ya Kihonda na Bigwa, na omba kuhamisha fungu. Fedha ambazo zingeenda kwenye semina ya hamasa na fulana tayari zinaweza kulipa nauli za watu kadhaa mpaka Desemba.

Kuhusu mtaalamu huyo wa hamasa. Anayekuja kutibu bila kuuliza mgonjwa anaumwa wapi ni mganga wa kubahatisha, na fani yetu imewajaa. Wana semina moja wanayoiuza kwa kila asasi, iwe ya wakulima, ya watoto au ya wagonjwa. Vijana wanapiga makofi siku mbili, wanapewa soda, na Jumatatu nauli iko pale pale. Vyeti vyao navyo vina maneno yaleyale kwa aliyekuja siku mbili na aliyekuja miezi sita, kwa hiyo mwajiri havimwambii kitu. Mpe kijana barua yenye jina la shule, kazi aliyoifanya, saa alizohudumu, idadi ya watoto aliowafundisha na simu ya mtu atakayethibitisha.

Na usimwone msaliti kijana anayekuja akitafuta njia ya kupata ajira. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Clary na Snyder na wenzao, walipanga sababu zinazowafanya watu wajitolee katika makundi sita, na kujiandaa kwa kazi ni mojawapo, pamoja na imani ya mtu, kujifunza, kuwa na wenzake, kujiepusha na mawazo yanayomlemea na kujiona wa thamani. Mtu mmoja anaweza kuwa na sababu tatu kwa pamoja. Kazi ya mratibu ni kumwuliza siku ya kwanza amekuja na ipi, kisha ahakikishe anaipata angalau hiyo. Nyinyi mmewachukua wote 30 kutoka kapu moja, wahitimu wasio na ajira, hivyo kila tangazo la kazi likitoka mnapoteza watu, na ni haki yao kwenda. Changanyeni. Mwalimu mstaafu anayeishi nyuma ya shule hana nauli ya kulipa na anajua kufundisha herufi kuliko mimi na wewe. Akina mama wa vikoba, vijana wa kwaya, walimu wa madrasa wanaokaa mtaa uleule, hao mnawapata kupitia mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu, bila tangazo la mtandaoni.

Ratiba yenyewe ipunguzeni. Siku moja au mbili kwa wiki, watu wawili wawili, kwenye shule iliyo karibu na nyumbani. Mpe kila mtu muda wenye mwisho, mathalani kuanzia shule zinapofunguliwa baada ya likizo ya Juni mpaka zinapofungwa Desemba, na mwisho huo ukifika mwulize kama anaendelea. Anayejua ataishia wapi huvumilia wiki mbaya. Asiyejua huondoka katikati yake. Halafu msimamizi ampigie simu kila mgeni ndani ya wiki ya kwanza, maana mtu aliyefika darasani akakuta mlango umefungwa na ufunguo hauonekani, asipopata wa kumlalamikia siku hiyohiyo, harudi.

Nirudi kwenye mkataba. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayetoa huduma kwa mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Vigezo hivyo ni pamoja na kupangiwa namna au saa za kazi, kuwa sehemu ya taasisi, kupewa vitendea kazi, na kufanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Tupige hesabu ya kijana wako: siku nne kwa saa mbili na nusu ni saa kumi, na kikao cha Jumamosi zinakuwa 12 kwa wiki. Kwa wiki nne ni saa 48. Mnampangia saa, mnampa kadi na madaftari, ana kitambulisho cha asasi. Sasa mnataka kuongeza na faini ya kuondoka. Siku atakapokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai mishahara, karatasi yenu ndiyo itakuwa ushahidi wake wa kwanza, na ninyi ndio mtakaobaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa mwajiriwa.

Makubaliano ya maandishi yawepo, ya ukurasa mmoja. Yaseme kazi ni ipi, siku zipi, msimamizi ni nani, gharama zipi zinarudishwa kwa tiketi au daftari la safari, na kwamba mtu yuko huru kuondoka kwa kutoa taarifa ya wiki moja ili watoto wasikute darasa tupu. Fedha mnayotoa iwe ya kufidia gharama halisi. Mkianza kutoa kiasi kilekile kila tarehe 28 na kukiita posho, kitaonekana ni mshahara mdogo, na mtu anayepata mshahara mdogo ana haki ya kulalamika kwamba ni mdogo.

Ziko kazi ambazo hazifai kuitwa za kujitolea hata kidogo, na hapa nasema na wakurugenzi wote wa asasi. Kama unamhitaji mtu kila siku, mwaka mzima, kwa kazi ambayo asipokuja huduma inasimama, hiyo ni ajira, itafutie mshahara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii unapendekeza walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa na mafunzo yao, na Kenya mwaka 2023 iliwaingiza wahudumu wake kwenye posho ya kila mwezi baada ya kuwategemea kwa miaka mingi kwa ahsante tu. Naona ofisi zenye mhasibu wa kujitolea mwaka wa pili, afisa miradi wa kujitolea, dereva wa kujitolea. Huo ni unyonyaji wa vijana wasio na pa kukimbilia, na nembo nzuri ukutani haiuondoi.

Onyo jingine ni la haraka ya kujaza nafasi. Mmepoteza watu 21 na kishawishi ni kumpokea yeyote anayejitokeza. Hao wanakwenda kukaa na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijali kwamba aliyemdhuru mtoto alikuwa halipwi. Chukua barua ya serikali ya mtaa anakotoka, wapigie simu wadhamini wawili yeye mwenyewe akiwa hayupo, pata ridhaa ya mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata, na mtu asikae peke yake na mtoto chumba kilichofungwa, awe mstaafu anayeheshimika au kiongozi wa dini. Shule mbili zenye watu wanaojulikana ni bora kuliko shule tano zenye wasiojulikana. Punguzeni shule kwanza.

Na kwa vijana wanaosoma majibu haya: ukiambiwa ulipe ada ya fomu, ya usaili au ya "kushikiwa nafasi" ili upate kujitolea, usilipe. Wanaofanya biashara hiyo wameongezeka kwa kadiri ajira zilivyopungua, na wengine hutumia majina ya asasi ambazo hazina habari nao. Omba namba ya usajili, ihakiki kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, kisha mtafute mtu aliyekwisha kumaliza muda wake pale umwulize alirudishiwa nauli au la.