Mafuta ya harufu hayatamfanya samoni ale

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimelipia siku tano za kuvua mto Tweed, Skotlandi, na tatu zimeshapita bure. Samoni wakubwa wanaruka mbele yangu kutwa nzima, lakini hakuna hata mmoja aliyegusa nzi wangu bandia, ile ndoana iliyofungwa manyoya. Mwenzangu ananishawishi nipake kwenye nzi mafuta yenye harufu ya kamba na mayai ya samaki, eti hawa samaki wana njaa ila hawanusi chochote kwenye manyoya. Ninunue yapi? Msimu unafungwa tarehe 30 Novemba.

JIBU: Marahaba. Usinunue yoyote. Kila msimu wa mapukutiko naulizwa swali hili, na inaniuma kuona watu wanatoa pesa zao kwa jambo ambalo samaki mwenyewe analikanusha.

Samoni akishaiacha bahari na kuingia mtoni kwenda kutaga, anaacha kula. Hachagui chakula, wala si kwamba chako hajakiona. Ameacha. Mwaka mmoja niliokota jike aliyekufa ukingoni nikampasua. Mfuko wa chakula ulikuwa umesinyaa ukawa mwembamba kama kidole changu cha mwisho, kuta zake zimegandana, ndani hamna hata mdudu. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa mayai ya rangi ya machungwa, kila moja kama punje ya njegere. Samaki huyo aliishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini akiwa baharini. Harufu ya kamba imwamshe njaa gani?

Wauza vichupa huwanasa watu kwa sababu wanaanza na ukweli: pua ya samoni ni kali ajabu. Miaka ya 1950, Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na mwenzake Warren Wisby waliwaziba pua samoni aina ya koho katika jimbo la Washington, kisha wakawaachia chini ya mahali vijito viwili vinapokutana. Wenye pua wazi walirudi kwa wingi kwenye kijito walikotoka. Waliozibwa walipotea ovyo. Lakini pua hiyo inatafuta kwao, haitafuti chakula. Kuruka kutoka hapo hadi "paka mafuta, atakula" ni kumdanganya mvuvi mchana kweupe.

Mbona basi hushika nzi? Wapo wanaosema ni silika ya kuwinda iliyobaki, wapo wanaosema ni hasira ya kitu kinachopita puani pake. Kwako matokeo ni mamoja: cha kuangalia ni kasi ya nzi na kina anachopita. Maji ya Novemba ni baridi, na samaki amelala chini, mzito, hataki kufukuza kitu. Weka mshipi wa kuzama na nzi mkubwa mwenye uzito kidogo. Rusha ukielekeza zaidi chini ya mkondo kuliko kuukata mto moja kwa moja, ili nzi avuke polepole. Baada ya kila mrusho songa hatua mbili. Ukihisi uzito, usivute kwa pupa. Acha mshipi ukaze wenyewe ndipo uinue fimbo.

Na hao wanaoruka wasikuchanganye. Wengi wana wiki kadhaa katika dimbwi hilo, hawashughulishwi tena na chochote. Anayeshika vizuri ni mgeni, mweupe kama fedha, aliyepanda na maji mapya. Mvua ikinyesha, subiri mto uanze kushuka na kutakata, uwe hapo.

Mafuta yangekuwa hasara ya pesa tu nisingesema sana. Tatizo ni kwamba mtu akiona hayajafanya kazi anasogea hatua nyingine: anatafuta mayai halisi ya samaki, au anafunga ndoana kubwa na chubwi nzito ili amkwaruze samaki ubavuni amnase kwa nguvu. Mayai ya samaki kama chambo ni marufuku Skotlandi, na pale Tweed kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwisho wa msimu ni nzi bandia tu. Kunasa samaki kwa ubavu makusudi ni uhalifu, na wanaolifanya hulifanya wiki hizi hizi, samaki wakiwa wameshikana na kutaga.

Kwa hiyo nakuomba, na wewe mwambie mwenzako. Ukipata samaki mwekundu, au dume mwenye taya lililopinda kama ndoana, au jike laini wa tumbo anayedondosha mayai, usimtoe majini hata kwa picha. Lowesha mikono, mfungue ndoana akiwa ndani ya wavu, mshike akielekea mkondo unakotoka mpaka apige mkia mwenyewe. Tumia ndoana isiyo na kijino cha kuizuia isichomoke, kazi itakuwa ya sekunde chache.

Halafu angalia unapokanyaga. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia, na mayai hukaa humo mpaka majira ya kuchipua. Sehemu hiyo huonekana imepauka, safi kuliko changarawe inayoizunguka. Ukiiona mbele yako toka majini, zunguka kwa ukingoni, uingie tena chini yake.