Kutoka Uyole hadi Kyela kwa baiskeli: jiandae kwa mteremko kuliko mlima

Wengi wanaoniuliza habari za kuendesha baiskeli ya mbio katika Wilaya ya Rungwe huanza na swali la milima: ni mirefu kiasi gani, na gia ipi inatosha kuipanda. Swali hilo ni la haki, lakini kwa jinsi ninavyoifahamu barabara ya lami inayotoka Uyole, Mbeya, ikapita Tukuyu na kuteremka hadi Kyela, mlima si jambo la kumnyima mtu usingizi. Mlima humchosha mwendeshaji, naye akishachoka husimama, hunywa maji, au hushuka na kuisukuma baiskeli yake kama wafanyavyo wabeba ndizi wa huko kila siku bila kuona haya. Mteremko haumpi mtu nafasi ya kupumzika wala ya kubadili mawazo. Ndiyo maana ushauri wangu mwingi hapa unahusu kushuka.

Uyole ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukiiacha barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na kushika ile ya Tukuyu, unaanza kupanda safu ya Uporoto, na barabara huvuka mita 2,000 kabla ya kuanza kushuka. Upande wako wa kulia kuna mlima wenye Ziwa Ngosi, ambalo limejaa ndani ya kasoko ya volkano, na upande wa kushoto unausogelea Mlima Rungwe, ambao unakaribia mita 3,000. Baada ya Isongole njia huteremka kwa muda mrefu hadi bonde la Mto Kiwira, hupanda tena kuelekea Tukuyu, kisha huanza mteremko mkubwa wa pili, ule wa kutoka Tukuyu hadi tambarare ya Kyela, iliyo kiasi cha mita 500 tu. Uyole hadi Tukuyu ni takribani kilomita 60, na kutoka hapo hadi Kyela hazipungui 50. Anayeitazama safari hii kwenye ramani hudhani kwamba ataserereka tu hadi Ziwa Nyasa. Ukweli ni kwamba atapanda mara mbili kwa jasho, na atashuka mara mbili akiwa tayari amechoka. Uchovu huo ndio unaoufanya mteremko uwe wa hatari, kwa sababu mikono iliyochoka hukawia kubana breki.

Tuanze na breki zenyewe. Dereva wa lori anayeshuka mlima huingiza gia ya chini yenye nguvu, akaiacha injini imsaidie kulizuia gari. Mwendeshaji wa baiskeli hana injini, ana breki na upepo basi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na jumla ya kilo 85, wakishuka mita 1,000 hutoa nishati ya takribani kilojuli 830, ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya chai. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukishuka taratibu huku umezibana breki mfululizo, karibu yote huishia kwenye ringi na raba za breki, au kwenye diski kama baiskeli yako ni ya aina hiyo. Ukiiachia baiskeli ikimbie kwenye sehemu iliyonyooka na inayoonekana vizuri, sehemu kubwa ya nishati huchukuliwa na upepo, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa kasi sana mwendo unapozidi. Wanaoanza hudhani kubana breki kidogo kidogo njia nzima ndiyo tahadhari, kumbe ndivyo wanavyozichemsha. Ringi ikishika moto sana, hewa ndani ya tyubu hutanuka, na kiraka kilichobandikwa kwa gundi kinaweza kubanduka. Kwa safari hii sipendi kutumia tyubu yenye viraka hata kama fundi aliibandika vizuri. Naiweka iwe ya akiba, nafunga mpya.

Namna ninayoshauri ni hii. Kwenye sehemu iliyonyooka keti wima, tanua kifua kidogo, na uuache upepo ukuzuie. Unapoikaribia kona, bana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi ukiwa bado umenyooka, punguza mwendo hadi ule unaoumudu, kisha ziachie kabla hujaanza kulala na kona. Breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kupunguza mwendo, kwa sababu uzito mwingi husogea mbele unapoibana. Wengi wetu tumekua tukiambiwa tusiiguse, na nimekutana na mafundi wanaoiondoa kabisa kwenye baiskeli za watoto. Kwenye mteremko wa Kiwira kuitegemea breki ya nyuma peke yake ni kujidanganya. Jambo la kujifunza ni kuibana pole pole huku nguvu ikiongezeka, na kutoigusa kwa ghafla ukiwa katikati ya kona iliyolowa. Kanyagio la upande wa nje wa kona liwe chini na libebe uzito wako, mikono ishike usukani kwenye sehemu ya chini iliyopinda, na macho yatazame mwisho wa kona unakotaka kwenda. Ukilikodolea macho shimo au mtaro, baiskeli hufuata macho.

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi kabisa nchini, na Tukuyu hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Msimu huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, lakini hata nje ya msimu huo usishangae kunyeshewa. Kwenye sehemu zenye miti mingi, iwe msitu wa asili au mashamba ya mipaina na milingoti, kivuli huifanya lami ibaki na unyevu hadi jua linapokuwa juu, hata kama hakuna tone lililodondoka tangu jana. Breki za raba zikilowa hazishiki papo hapo. Gurudumu hulazimika kuzunguka kidogo raba ziyafute maji kwenye ringi kwanza, na katika kuzunguka huko unakuwa umeshakwenda mita kadhaa. Dawa yake ni kuzigusa breki kidogo mapema, kabla hujazihitaji, ili ringi iwe kavu utakapozibana. Hapa breki za diski zina ubora wa wazi, na kama mtu ananunua baiskeli mpya kwa ajili ya nyanda hizi, ningemshauri achague hizo ingawa ni ghali na si kila fundi anazijua. Tairi nazo zisiwe nyembamba kupita kiasi. Milimita 28 inafaa, 32 inafaa zaidi, na upepo usijazwe hadi tairi liwe gumu kama la kwenye mashindano.

Ukungu wa Isongole unahitaji aya yake. Unaweza kuondoka Uyole kukiwa na jua, na juu huko ukashindwa kuona mbele hata mita 50. Taa nyekundu ya nyuma iwashwe mchana kweupe, na koti liwe la rangi inayong'aa. Ukungu ukiwa mzito, usishuke. Ingia kibandani, agiza chai na viazi, ambavyo huko vinalimwa kwa wingi, usubiri. Mara nyingi kufikia saa nne asubuhi unakuwa umeinuka.

Halafu kuna vitu vinavyobaki barabarani. Kila msafiri wa Tanzania anajua kwamba matawi yaliyotandazwa kwenye lami maana yake mbele kuna gari bovu. Kwa mwenye gari hiyo ni ishara tu, ila kwa mwenye baiskeli matawi yenyewe ni hatari, kwa kuwa tawi bichi likilowa huteleza, na mara nyingi lori huondoka likayaacha matawi pamoja na mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu. Nikiona tawi la kwanza huwa napunguza mwendo kana kwamba lori liko hatua chache mbele, hata kama kona inaonekana tupu. Karibu na vijiji kuna matuta na rasta, baadhi yakiwa yamefutika rangi, na rasta ukizivamia kwa kasi zinaweza kukupokonya usukani. Kwenye kona za kupanda, malori yaendayo Kasumulu, mpakani na Malawi, humwaga dizeli matone matone. Unaposhuka, doa hilo huwa upande wa wenzako, kwa hiyo sababu ya kutokata kona si sheria peke yake.

Kuhusu magari, ushauri wangu ni mfupi. Usijibanze kabisa kwenye ukingo wa lami, maana dereva wa Coaster akiona nafasi ataipita hata kama haitoshi; shika kiasi cha mita moja kutoka ukingoni, na mahali ambapo lami ni nyembamba na kona imefungwa, jionyeshe. Ukisikia honi ndefu kutoka nyuma kwenye mteremko, toka nje ya lami bila kubishana, kwani huwezi kujua kama dereva anakuonya tu au breki zimemkatika. Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri wageni wajifunzie kushuka kwenye barabara kuu ya Tunduma hadi Dar es Salaam, hasa miteremko ya Inyala na Iwambi, au Kitonga kule Iringa, ambako malori ni mengi kupita kiasi. Barabara ya Tukuyu nayo ina malori, ila inavumilika.

Baridi ni sehemu ya breki pia, ingawa watu huiona kama suala la starehe. Ukifika juu umelowa jasho, kisha ukaanza kushuka kwa kilomita 40 au 50 kwa saa, vidole hufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kimebana kiasi gani. Mwezi wa Juni na Julai hali huwa mbaya zaidi. Simama juu, vaa glovu za vidole vizima na koti jepesi lisilopitisha upepo. Ukikosa koti, hata gazeti lililokunjwa ndani ya fulana husaidia kifua. Vyote hivyo utavivua baada ya Tukuyu. Kwa wastani joto huongezeka kiasi cha nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazoshuka, na kule Kyela, kwenye mashamba ya mpunga na kakao, utakuwa unatafuta kivuli na maji ya pili.

Kwa kupanda, gia ndogo ya mbele yenye meno 34 na gia kubwa ya nyuma yenye meno 32 au 34 humtosha mtu wa kawaida. Chakula hakina taabu, kwani ndizi na maparachichi huuzwa kando ya barabara karibu kila penye watu. Wasalimie wauzaji kwa heshima kabla ya kuuliza bei, na ukipewa chenji sema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, utaongezewa ndizi.

Miezi ninayoipenda ni Septemba na Oktoba, na saa ya kuondoka Uyole ni mara tu kunapopambazuka. Mwenye siku mbili alale Tukuyu, na alasiri hiyo aende Daraja la Mungu, ambako mwamba wa asili umevuka Mto Kiwira kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Njia ya kwenda huko inaachana na barabara ya Tukuyu upande wa Kiwira, na mwenye tairi nyembamba afadhali apande bodaboda. Siku ya pili ateremke Kyela akiwa na mikono iliyopumzika. Kurudi kwa kupanda zaidi ya mita 1,000 kwenye joto hilo kunawezekana kwa atakayeondoka alfajiri, lakini hakuna anayelazimishwa: Coaster za kurudi Mbeya hupatikana stendi ya Kyela, na konda huifunga baiskeli juu ya gari kwa nauli ya kuelewana. Toa gurudumu la mbele mwenyewe, na usimruhusu mtu apitishe kamba kwenye diski ya breki.