Je, ninamkosea Mungu nikimpa mwanangu vidonge?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padri. Mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu. Kijana wangu ana miaka 22. Alianza bangi akiwa na miaka 15, akibeba mizigo bandarini, kisha akaongeza kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, anakunywa kila siku. Mwaka jana akaanza kusikia watu wanamtukana kutoka ukutani. SOSAME, hospitali ya wagonjwa wa akili, walimpa sindano na vidonge, akatulia. Lakini siku moja baada ya sindano shingo ilimpinda, macho yakageuka juu. Majirani wakasema ni pepo. Mchungaji wa chumba cha maombi anasema vidonge hivyo ni vilevi kama bangi, na anayevimeza amekana damu ya Yesu. Anataka kijana afunge kavu siku tatu, bila chakula wala maji. Vidonge nimevificha ndani ya mkebe wa unga, nampa kwenye bugali bila yeye kujua. Je, ninamkosea Mungu? Na mwanangu ni mwenye dhambi au ni mgonjwa?

JIBU: Milele amina, Mama. Kijana asiende kwenye mfungo huo. Kama ulishamkubalia mchungaji, mkatalie leo, hata kama mkeka umeshatandikwa. Mengine tutayazungumza taratibu, hilo haliwezi kungoja.

Kanyanga huuzubaisha ubongo. Anayeinywa kila siku, ubongo wake unajifunza kushindana nayo ili mtu aweze kusimama na kutembea. Fikiria lori linalopanda mlima huku breki imeshikwa: dereva hana budi kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Breki ikiachiwa ghafla, lori linaruka. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka. Siku ya kwanza au ya pili kifafa kinaweza kumwangusha. Siku ya pili, ya tatu, hata ya nne, anaweza kuona wadudu wasiokuwepo, kupiga kelele, kutomtambua mama yake mzazi, mwili ukiwaka moto na moyo ukienda mbio. Asipotibiwa anaweza kufa.

Sasa hesabu siku za ule mfungo. Lile wanaloliita pepo la siku ya tatu, linalopiga kelele kwa sababu maombi yanalichoma, hospitali wanalijua vizuri, na wana dawa yake.

Ninasema kwa uchungu kwa sababu nililiona. Miaka mingi iliyopita niliitwa kwa baba mmoja mnywaji aliyekuwa siku yake ya pili ndani ya chumba cha maombi. Alikuwa amekaa sakafuni anachuna shati lake, polepole, kidole kwa kidole, anatoa sisimizi na kuwaweka pembeni. Hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilimbariki nikaondoka, nikidhani mambo ya kiroho yana wenyewe. Keshokutwa yake nilimzika. Tangu siku ile sikai kimya mtu akiniambia juu ya mfungo kavu kwa mnywaji.

Mchungaji atakusomea Marko sura ya 9, yule mtoto aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, na neno la Yesu kwamba namna hii haitoki ila kwa kuomba na kufunga. Msomee naye polepole. Yesu alikuwa anaongea na nani? Na wanafunzi wake, walioshindwa. Walioagizwa kuomba ni wao. Hakuna mahali mtoto mgonjwa alipoambiwa afunge. Na hilo neno "kufunga" halimo katika baadhi ya nakala za Injili hiyo zilizo za zamani sana, ndiyo maana Biblia nyingi za siku hizi zinasema kuomba tu. Binti wa Yairo alipoinuliwa, Yesu aliamuru apewe chakula. Mchungaji anayetaka kufunga kwa ajili ya mwanao, afunge yeye. Mimi nitafunga pamoja naye.

Wala Injili haitii kila mateso ndani ya kapu moja la mapepo. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza, kila kundi peke yake. Kanisa letu linafundisha hivyo hivyo: Katekisimu, namba 1673, inasema ugonjwa, hasa wa akili, ni kazi ya elimu ya udaktari, na kabla ya kumfukuza pepo kwa mtu yeyote ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Hata mimi padri siruhusiwi kufanya ibada hiyo bila ruhusa maalum ya askofu. Inakuwaje basi mtu amwone kijana Jumapili na jioni yake awe ameshajua majina ya mapepo yake?

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anasema Bwana ameziumba dawa kutoka ardhini, na kwamba mgonjwa aombe, kisha ampe nafasi mganga, yaani daktari. Mchungaji atasema kitabu hicho hakimo katika Biblia yake. Sawa, afungue Isaya 38. Mfalme Hezekia alilia, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi, na bado nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Je, Isaya naye alikana?

Kuhusu shingo: sijaona karatasi za mwanao, lakini sindano ya namna hiyo mara nyingi ni haloperidoli, dawa iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Inapunguza nguvu ya dopamini, kitu ambacho ubongo hutumia kutuambia "hili ni muhimu, litazame". Dopamini ikizidi, hata kikohozi cha jirani kinakuwa ujumbe, na mawazo ya mtu mwenyewe yanageuka sauti ukutani. Lakini dopamini hiyo hiyo inalainisha mwendo wa misuli, ndiyo maana dawa inaweza kukaza shingo na kugeuza macho. Inatisha sana kuona. Munganga ana sindano nyingine inayoilegeza shingo kwa dakika chache, na anaweza kupunguza kipimo. Ulipaswa kuelezwa siku ile ile, na naumia kwamba hukuelezwa.

Kwamba vidonge hivyo ni sawa na bangi, hapana. Bangi na kanyanga huongeza dopamini, ndiyo raha yake na ndiyo kamba yake. Haloperidoli inaipunguza, haina raha yoyote, wagonjwa wengi wanaichukia. Kipo kidonge kimoja ambacho mchungaji ana haki ya kukiogopa, nacho ni diazepamu. Hiki kinatawala watu kweli, na kuna wanaokitafuta mitaani. Hospitali hukitumia siku chache kumvusha mnywaji aache bila kifafa, wakipunguza kila siku. Usikinunue mwenyewe dukani.

Na bangi kuanzia umri wa miaka 15 si mchezo. Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya hapo walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili mara sita kuliko wasiovuta. Si kila mvutaji anaugua. Lakini ubongo wa kijana bado unajengwa mpaka baada ya miaka 20, na wa mwanao ulijengwa ndani ya moshi.

Uliuliza dhambi au ugonjwa. Kuvuta kwa hiari ni kosa kubwa, Kanisa linasema wazi. Lakini namba 1735 ya Katekisimu inasema mazoea na hali ya akili vinaweza kupunguza lawama, hata kuiondoa. Kikombe cha leo si cha hiari kama kile cha kwanza. Kwa nafsi yake usiogope, Mama. Nitamsikiliza siku akiwa ametulia.

Wewe kumpa dawa hukukosa. Hapo kwenye bugali tu ndipo ninapokuomba ubadilike. Kijana anayeamini watu wanamfanyia njama, akikuta kidonge ndani ya chakula cha mama yake, hatakula tena mkononi mwako, na sauti zitamwambia zilikuwa na haki. Mweleze munganga wa SOSAME yote, hata kanyanga, hata bugali. Ipo sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa, waulize. Na kanyanga isikatwe nyumbani ghafla, ikatwe kule kule.

Wakikushauri umfunge nyororo, kumbuka yule mwenye pepo wa Marko 5: watu ndio waliomfunga. Yesu alimwacha ameketi, amevaa nguo, ana akili zake.

Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi nitapanda kwako na mafuta ya wagonjwa. Uniwekee kiti karibu naye, na vidonge viwe mezani, nje ya mkebe.