Nafasi ya Domenico

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni filamu gani iliyomwonyesha mfanyakazi wa kawaida kama alivyo, bila kumkweza wala kumdunisha. Yangu ni ya Kiitaliano: Il posto, iliyoongozwa na Ermanno Olmi, ya mwaka 1961. Kwa Kiitaliano posto ni mahali, na pia ni kazi aliyoajiriwa mtu. Sisi neno tunalo tayari: nafasi. Mtu hupata nafasi ya kukaa kwenye basi, na hupata nafasi serikalini. Filamu nzima imo ndani ya neno hilo.

Domenico ni kijana wa Meda, mji mdogo kaskazini mwa Milan. Kitanda chake kiko jikoni. Shule ameiacha kwa kuwa nyumbani hawana uwezo wa kusomesha wawili, na sasa mdogo wake anautaka ule mkanda wake wa kufungia vitabu, maana kaka mtu hauhitaji tena. Wazazi wanamtuma mjini kwenye usaili wa kampuni kubwa. Kwao, anayeingia pale amepata kazi ya maisha.

Usaili wenyewe ni hesabu ya waya, kuchuchumaa na kusimama mbele ya daktari, na maswali ya ajabu, kama vile iwapo huwa anakunywa ili asahau shida zake. Katikati ya mitihani anakutana na Antonietta, msichana anayetafuta kazi kama yeye. Wanaingia mkahawani kunywa kahawa. Tazameni wanavyovishika vile vikombe, kama watu walioazimwa kitu cha thamani. Baadaye wanavuka barabara mbio, wameshikana mikono, magari yakiwapita. Kwangu hiyo ndiyo saa ya furaha kuliko zote katika filamu, na inakuja kabla hajaajiriwa. Olmi aliliona jambo ambalo wengi hatulisemi: mtu huwa na matumaini makubwa zaidi akiwa bado kwenye foleni.

Kazi ya ukarani haipo, kwa hiyo Domenico anaanza kama tarishi. Anapewa sare na kofia, anakaa kwenye kijimeza cha korido pamoja na tarishi mzee, wakisubiri kuitwa. Hapo nilisimamisha picha. Mimi nilianza kazi nikiwa tarishi, katika ofisi nisiyoitaja, na ule mkao naufahamu: mgongo wima, mikono juu ya mapaja, sikio kwenye mlango wa bosi. Nilidhani unajulikana kwetu tu.

Olmi hakuambiwa mambo haya na mtu. Aliajiriwa kijana katika kampuni ya umeme ya Edison huko Milan, ambako mama yake pia alifanya kazi, na kampuni hiyo ndiyo iliyomwachia kamera. Akapiga filamu fupi nyingi za mabwawa, nguzo na mafundi. Hata filamu yake ndefu ya kwanza, ya 1959, inahusu walinzi wa bwawa mlimani. Il posto aliipiga ndani ya ofisi za kampuni hiyohiyo, na waigizaji wake hawakuwa waigizaji wa kazi. Loredana Detto, aliyekuwa Antonietta, baadaye akawa mke wake. Ndiyo maana makarani wake hawachekwi. Mmoja anakata sigara vipande viwili viwili, mwingine anahangaika na taa yake, na kamera inawatazama kama unavyomtazama mjomba wako akila. Tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes aliipata mwaka 1978 kwa filamu ya wakulima, nayo ni nzuri sana, lakini mimi hurudi kwenye hii.

Sasa nije kwenye meza ya ukarani. Karani mmoja anafariki. Wanafungua droo zake na kukuta karatasi za riwaya aliyokuwa akiiandika bila watu kujua. Domenico anaitwa na kuketishwa kwenye meza ya marehemu, mbele kabisa. Hajakaa sawasawa, karani wa nyuma analalamika: yeye amesubiri miaka 20! Basi chumba kizima kinainuka. Kila mmoja anachukua vitu vyake na kusogea mbele meza moja, haraka haraka, asije mwingine akamwahi. Hakuna anayemtaja marehemu. Kijana anapelekwa meza ya mwisho kabisa, kwenye mwanga hafifu. Mashine ya kurudufu inaanza kugonga, inagonga, inagonga, na kamera inabaki usoni mwake. Halisemi neno lolote jicho lile, ila unaona ameshaanza kuhesabu meza zilizo mbele yake.

Niliitazama na binti yangu, ambaye mwaka huu anatafuta kazi. Ilipoisha akaniuliza, "Baba, kwani amekosa nini? Si amepata?" Nikamwambia amepata. Kisha nikamsimulia jambo ambalo sikuwahi kumwambia, la siku niliyotolewa korido na kupewa meza yangu ya kwanza. Kwenye droo nilikuta miwani ya mzee aliyekuwa akikalia meza hiyo kabla yangu. Nilikaa nayo wiki nzima nikitumaini kuna atakayekuja kuiulizia.